Tangazo la viti lililomuua tonton

Jumamosi, saa nne asubuhi. Mvua imekatika alfajiri, sasa jua linachoma matope mpaka yanafuka. Nimekaa juu ya gunia la mtu nisiyemjua, hapa bichi, ndivyo tunavyopaita mahali boti za mto zinapofunga gati. Naandika kwa simu ili mikono yangu isikae bure.

Nina hofu. Niiandike hivyo tu, bila kuipamba.

Mahali fulani mtoni, kati ya Isangi na hapa, mama mkubwa wangu Véro yumo ndani ya boti, anamlilia mdogo wake. Mdogo wake mwenyewe hakufa. Ni tonton Anselme, kaka wa mama yangu, na amesimama hatua kumi kutoka hapa nilipo, amevaa koti lake la ualimu, amekataa kukaa tangu tulipofika. Aliyemuua ni mimi, na nilimuua kwa tangazo la viti.

Mnaosoma ukurasa huu mnajua kazi yangu. Mimi na Blaise, mpiga picha, tunatengeneza matangazo ya maduka ya dawa, ya mikate, ya shule zinazotafuta wanafunzi. Matangazo makubwa huja Kisangani yakiwa tayari, yamepikwa Kinshasa kwa Kilingala, na kazi yetu huwa kubandika sauti ya Kiswahili juu ya midomo inayosema kitu kingine. Nimelalamika humu mara ngapi kwamba tunaweza zaidi ya hapo? Basi hivi karibuni ikaja habari: wanaoandaa jioni ya filamu fupi za mji wetu wamekubali, kwa mara ya kwanza, kuonyesha pia matangazo yaliyotengenezwa hapa hapa, mradi yawe na hadithi. Jioni yenyewe ni kesho. Siku niliyoisoma habari hiyo nilicheza peke yangu jikoni.

Mteja nilikuwa naye tayari. Mama Régine anakodisha viti vya plastiki, maturubai na masufuria makubwa. Yeye alitaka tangazo la kawaida: viti vimepangwa mistari, muziki, namba ya simu, basi. Nikamwambia hakuna mtu anayekumbuka viti vya arusi. Watu wanakumbuka kiti cha matanga, siku ile umefika umechoka kulia na mtu akakusogezea kiti bila kukuuliza wewe ni nani.

“Espé, weye uko na kichwa mubaya,” akasema. “Bon. Fanya.”

Nikaandika filamu ya dakika mbili. Familia imefiwa, uwanja umejaa, mwanamke anafika kutoka mbali wakati viti vyote vimekwisha. Anasimama pembeni na mzigo wake. Halafu kiti kinapita mkono kwa mkono, juu ya vichwa vya watu, mpaka kinamfikia. Hakuna maneno. Jina la Mama Régine linatokea mwishoni tu, dogo. Niliipenda sana. Bado naipenda, na hilo linanitia aibu kuliko yote nitakayoandika hapa.

Tulipiga picha Jumanne, nyumbani kwa tonton, Kabondo, ambako ninaishi naye. Mwenyewe alikuwa amekwenda Yangambi kumtembelea rafiki yake wa zamani aliyefanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Kabla hajaondoka nilimwomba ruhusa. Nilimwambia tunataka uwanja kwa ajili ya publicité ya viti. Sikumwambia viti vyenyewe vitakuwa kwenye matanga.

Hilo ni kosa la kwanza, nalo ni dogo.

La pili ni picha. Matanga bila picha ya marehemu mezani si matanga, na ile tuliyokuwa tumeiandaa, ya mwigizaji wetu, ilikuwa bado kwa mtu wa kuchapisha, umeme umekatika mtaa mzima. Mwanga wa asubuhi ulikuwa unatukimbia. Blaise akasema niweke picha yoyote, itakuwa mbali nyuma, itakuwa na ukungu, hakuna atakayeitambua. Nikaingia sebuleni nikatoa ukutani picha ya tonton Anselme. Nikaiweka juu ya kitambaa cheupe, nikawasha mshumaa mbele yake. Na kweli, ndani ya filamu huwezi kumtambua. Tatizo ni kwamba kutoka langoni ulikuwa unamwona vizuri kabisa.

La tatu ni matawi. Mbele ya lango, barabarani, tuliweka matawi ya mchikichi kama inavyofanywa mbele ya nyumba yenye msiba, ili pikipiki zipunguze mwendo na kila anayepita ajue. Niliyataka kwa ajili ya picha ya kwanza: toleka, baiskeli yetu ya abiria, inakuja kwa kasi, dereva anayaona matawi, anashuka na kuisukuma kwa heshima. Ilitoka nzuri sana. Halafu wanawake wa kundi la maigizo tuliloliita wakaanza kulia, na walilia kweli, maana kila mmoja ana wake wa kumlilia.

Tulipomaliza tukashusha turubai, tukarudisha viti, tukafagia. Matawi yakabaki. Blaise akasema matawi ya msiba huyatoa mwenye nyumba. Wanawake wakasema sisi si wa ukoo huu. Watu wale wale waliokuwa wakitaniana na kula maandazi mbele ya mshumaa wa marehemu wa uongo, hakuna hata mmoja aliyetaka kuinama akashika jani. Na mimi niliyesoma, mimi ninayesema mbele za watu kwamba siamini mambo hayo, nikajifanya nina simu ya haraka. Nikasema moyoni, kesho.

Jumatano mchana mbuzi wa jirani waliyala. Nikawashukuru mbuzi.

Nilichokuwa sijui ni kwamba Jumanne hiyo hiyo, wakati wanawake wanalia, mchuuzi mmoja wa samaki wakavu alipita mbele ya nyumba yetu juu ya toleka. Ni mtu wa Isangi, anamfahamu tonton miaka mingi. Aliona matawi, akachungulia langoni, akaona kilio, akaona picha ya Anselme na mshumaa. Boti yake ilikuwa inaondoka, hakuingia. Akateremka mto na habari yake, na siku ya pili akaipeleka moja kwa moja kwa mama Véro.

Mama mkubwa akapiga simu ya tonton. Imezimwa, kwa sababu kule Yangambi hakupata pa kuchaji. Akapiga yangu kwa simu ya jirani yake. Imezimwa pia. Nilikuwa nimejifungia na Blaise tunarekodi sauti, na mimi ndiye ninayegombeza watu wazime simu. Nilipoiwasha nikakuta namba nisiyoijua, mara nne. Nikadhani ni mtu anatafuta kazi ya kuigiza. Sikumpigia.

Ningempigia, leo nisingekuwa hapa.

Alhamisi tonton akarudi, mzima, mchangamfu, na mkungu wa ndizi begani. Hata viatu alikuwa hajavua wakati ujumbe wa sauti ulipoingia kwenye simu yangu. Tuliusikiliza pamoja. Ilikuwa sauti ya mwanamke.

“Espé, miye jirani ya mama Véro, hapa Isangi. Mama amesha kupanda boti. Anasema hivi: musimuzike Anselme mbele yeye afike. Anasema, mara hii mumungojee.”

Mara hii.

Ngoja nieleze, maana bila hilo hofu yangu haina uzito wake. Miaka sita iliyopita bibi yetu, mama yao, alifia katika nyumba hiyo hiyo ya Kabondo. Mama Véro alipanda boti siku ile ile. Mashine ya boti ikaharibika njiani. Tonton alingoja siku mbili, kisha akazika. Mama mkubwa alifika kesho yake asubuhi. Turubai lilikuwa limeshushwa, viti vimepakiwa kwenye mkokoteni vinarudishwa. Alikaa chini, kwenye udongo, mgongo ukutani, na kikapu chake mapajani, na hakulia. Nilikuwepo. Nilimpelekea maji. Kesho yake akarudi Isangi, na tangu siku hiyo hajamwambia mdogo wake neno. Habari zao zinapitia kwa mama yangu aliyeko Bunia.

Na sasa hivi, juu ya gunia hili, ndiyo kwanza naelewa kitu ambacho mtu mwenye akili angekielewa siku ya kwanza. Mwanamke wa filamu yangu, anayefika kutoka mbali na kukosa kiti, sikumtunga. Nilimchukua. Nilichukua siku mbaya kuliko zote katika maisha ya mama yangu mkubwa, nikaiwekea mwisho mzuri, nikamuuzia Mama Régine.

Niliposikia ujumbe ule nilitegemea tonton anipigie kelele. Afadhali angenipigia. Aliingia sebuleni, akaitazama picha yake ukutani, akakwangua kwa ukucha nta ya mshumaa ambayo mimi sikuiona kwenye kioo. Halafu akageuka.

“Donc, anakuja?”

Nikamwambia ndiyo, tonton, anakuja, lakini anajua umekufa.

“Anakuja,” akasema tena. Sikujua nimtazame wapi.

Tumejaribu kila njia. Namba ya mwenye boti haipatikani, mtoni hakuna mtandao. Rafiki wa tonton kule Yangambi, ambako boti hupita, alisimama ukingoni jana na kitambaa cheupe tangu asubuhi. Boti ilipita mchana kwenye ukingo wa pili, mbali. Alipunga, akapiga kelele, na watu wa kwenye boti wakampungia mkono na kuendelea.

Mama mkubwa ana tension, ugonjwa wa presha. Mwaka jana alianguka sokoni akalala hospitali. Hilo ndilo linalozunguka kichwani mwangu tangu Alhamisi: siku mbili juu ya maji, jua, kilio, bila chakula, labda bila dawa zake. Na akifika salama, je? Atamwona maiti amesimama wima ukingoni. Nimeshajiona mara ishirini nikiiambia familia kwamba mtu alikufa kwa sababu nilitaka picha nzuri ya toleka.

Mama yangu amepiga kutoka Bunia mara tano asubuhi hii. Anasema mufiche Anselme, Espé aende peke yake, aingie kwenye boti, amuambie dada polepole, ndipo Anselme atokee. Ni ushauri mzuri. Nilimpa tonton simu. Alimsikiliza mdogo wake mpaka mwisho.

“Hapana,” akamjibu. “Miaka sita ndiyo nilijificha.” Akanirudishia simu na kwenda kusimama pale aliposimama sasa.

Mama Régine naye amepiga. Filamu inatakiwa kutumwa kabla ya saa kumi na moja leo, la sivyo kesho haionyeshwi. Blaise anangoja neno langu tu. Nilimweleza Mama Régine yote. Akasema:

“Alors, mutu hakukufa, si ndiyo? Problème iko wapi?”

Kuna sehemu yangu inayosema hivyo hivyo. Nilimwahidi tonton kwamba nitaitoa picha yake kwenye filamu, na bado sijaitoa.

Na jambo jingine, nilimalize kabla sijapata aibu. Ndani ya mkoba wangu, sasa hivi, kuna kamera. Niliitia asubuhi nikijidanganya kwamba nyumbani itaibiwa. Uongo. Niliitia kwa sababu nilishaona kichwani jinsi watakavyokutana, na nilishachagua mahali pa kusimama.

Kuna watu wanasema boti imeonekana kwenye kona. Naacha hapa.

Saa kumi na mbili kasoro, nyumbani.

Nimeoga, nimekunywa chai. Niandike kama ilivyokuwa.

Ilikuwa ndiyo boti yenyewe. Ilikuja taratibu, imejaa ndizi, mkaa, nguruwe na watu juu ya watu, na kabla sijamwona mama mkubwa nilisikia nyimbo. Wanawake wa kwenye boti walikuwa wanaimba nyimbo za msiba. Walikuwa wamesafiri naye siku mbili, wakauchukua msiba wake ukawa wao. Watu wasiomjua Anselme hata kwa jina walikuwa wanamwimbia Anselme.

Nilikimbilia ukingoni nikipiga kelele. Mama mukubwa, ni kosa yangu, hakukufa, hakukufa! Mashine ya boti ilimeza sauti yangu yote.

Alikuwa amesimama katikati ya mizigo. Kitambaa kilikuwa kimeteleza, nikaona kichwa chake. Alikuwa amekinyoa. Mama yangu mkubwa, mwenye nywele alizokuwa akizisuka kila Jumapili, alikuwa amenyoa kwa ajili ya msiba nilioutengeneza mimi na kikundi cha maigizo.

Tonton alipita mbele yangu akaingia majini na viatu vyake, na suruali, mpaka magotini. Wanawake wakaanza kuuliza huyo mzee vipi. Mama Véro akageuka, akamwona. Wimbo ukakatika upande aliokuwa yeye, kisha wa nyuma wakanyamaza pia bila kujua kwa nini. Mwenye boti akazima mashine.

Mimi nilikuwa naangalia kifua cha mama mkubwa. Namwona anapumua. Namwona hapumui. Kwa muda nisioweza kuupima hakupumua, na nilishika mkono wa mtu aliyekuwa karibu nami mpaka akaniambia namuumiza.

“Véro,” tonton akasema. “Mara hii nimekungojea.”

Mama mkubwa alimtazama kuanzia kwenye maji mpaka usoni. Hakupiga kelele, hakuanguka. Akavuta pumzi, na nami nikavuta.

“Na mara ile?”

Tonton, mwalimu aliyefundisha miaka thelathini, mtu ambaye hajawahi kukosa neno mbele ya darasa, akanyoosha mikono tu. Mama mkubwa akampa kikapu, akamshika bega kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kushika, akashuka. Wanawake wa boti wakaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na mmoja akanitukana, alikuwa na haki.

Kamera ilikaa mkobani. Sitaki sifa kwa hilo. Mwanga ulikuwa mzuri na niliuona.

Nyumbani mama mkubwa alikunywa dawa, akanywa maji, akapumzika kidogo. Halafu akaniita, akasema nimwonyeshe kilichomuua Anselme. Nikampa simu. Akaitazama filamu mara moja, akaniomba nirudishe mwanzo, akaitazama tena. Kiti kilipomfikia yule mwanamke akaweka kidole juu ya kioo.

“Huyu ni miye.”

Nikasema ndiyo, mama.

“Miye sikupata kiti.” Hakuwa na hasira. Alikuwa ananisahihisha tu, kama mtu anayesahihisha jina lake lililoandikwa vibaya. Akanirudishia simu na kuomba chumvi kwa ajili ya ndizi.

Sikuweza kuila hata moja. Nilitoka nje nikampigia Blaise nikamwambia asitume. Akasema “bon”, na ile “bon” ya Blaise, rafiki yangu aliyekesha na filamu hii, iliniuma kuliko matusi. Mama Régine amekata simu katikati ya maelezo yangu. Saa kumi na moja imepita. Kesho watu watakaa kwenye ukumbi kutazama matangazo ya Kisangani yaliyotengenezwa Kisangani, kitu nilichokiota miaka yote hii, na langu halitakuwepo. Sijui kama Jumatatu nitakuwa na mteja. Sijui kama Blaise atakuja kazini. Hofu ya asubuhi imeondoka na nyingine imekalia nafasi yake, ndogo zaidi, ya kawaida, ya mtu anayefikiria kazi yake.

Lakini mama mkubwa anapumua. Namsikia kutoka hapa barazani.

Wako sebuleni wawili, mlango wazi. Nilidhani watagombana. Tonton ameanza kumsimulia mazishi ya mama yao, tangu asubuhi ya siku ile, polepole, bila kuruka kitu: nani alikuja kwanza, mvua ilianza saa ngapi, walipita njia gani, nani alishika kamba upande gani. Mama mkubwa anamkatiza kila mara. Anataka kujua kitenge kilikuwa kipi. Anataka kujua nani alimvalisha, na kama mikono yake ilikuwa imekunjwa au imenyooshwa. Miaka sita hakuna aliyemwambia mambo haya, na mimi niliyekuwepo sikuwahi kufikiri kwamba anayahitaji.

Sasa hivi amemuuliza kama mama aliita jina lake kabla ya kukata roho.

Tonton amemjibu. Nimesikia alichosema. Sitakiandika hapa.